Safari ya Migwani: Hifadhi Isiyokuwa na Lango



Ndugu zangu wasomaji, mimi ni muuza makaa. Marehemu mume wangu aliniachia duka dogo la makaa hapa Mombasa, na kwa duka hilo nimewalea watoto wanne, nimewasomesha chuoni na shuleni, na wawili nimewaoza. Kwa miaka yote hiyo gunia la makaa kwangu lilikuwa kitu kinachoanzia mlangoni. Lori husimama, vijana hushusha, nami huhesabu, kisha huuza kwa gunia au kwa debe. Gunia lilikotoka sikuuliza, wala hakuna mteja aliyewahi kuniuliza.

Mwezi wa Agosti uliopita nilisafiri kwenda Migwani, katika Kaunti ya Kitui, pamoja na mwanangu, mkewe na mtoto wao wa kwanza. Mkewe ni Mkamba wa huko. Mamake hakupata kuja Mombasa mjukuu alipozaliwa, basi tuliona ni wajibu wetu kumpelekea mtoto amuone na amuombee dua. Nilidhani nakwenda kula mbaazi na kubadilishana kanga. Nilirudi na habari za gunia langu, na hizo ndizo ninazotaka kuwasimulia leo.

Tuliondoka kabla ya jua kuchomoza. Baada ya Mariakani nchi hubadilika upesi. Minazi huisha, udongo huwa mwekundu, na kuanzia Voi mpaka Mtito Andei barabara hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Tsavo, Mashariki mkono wa kulia na Magharibi mkono wa kushoto. Tulibahatika kuwaona ndovu, wekundu kwa vumbi la nchi yao, wakitembea taratibu mbali na reli. Mjukuu alikuwa amelala, lakini bibi yake alifurahi kama mtoto.

Tsavo ilitangazwa kuwa hifadhi mwezi wa Aprili 1948, chini ya sheria ya hifadhi ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa imeitunga miaka mitatu kabla yake. Sheria hiyo iliokoa nchi kubwa mno, zaidi ya kilomita za mraba elfu ishirini, isigawanywe na kulimwa. Lakini iliwakuta watu mle ndani. Waata waliokuwa wakiishi kwa uwindaji, na Wakamba waliokuwa wakiingia kuwinda na kurina asali, walilala wakiwa wawindaji wakaamka wakiwa majangili, ingawa upinde ulikuwa ule ule na mnyama yule yule. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama nchini kote. Wanyama waliwekewa mpaka, askari na lango, na mgeni hulipa kabla ya kuingia.

Tatizo ni kwamba ndovu hausomi mpaka. Akitoka usiku akala shamba la mjane, hasara ni ya mjane, na fedha za tiketi zimelipwa kwingine. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ilijaribu kuliziba pengo hilo kwa kuweka fidia. Aliyeuawa na mnyama, warithi wake wanastahiki shilingi milioni 5. Aliyelemazwa maisha, milioni 3. Na mazao pia yana fidia yake. Kwenye karatasi ni sheria yenye huruma. Katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, hata hivyo, malalamiko ni yale yale, kwamba fomu hujazwa, miaka hupita, na malipo huchelewa. Haki inayochelewa namna hiyo humfanya mtu amwone ndovu kuwa adui aliyetumwa na serikali, ilhali huenda angeweza kumvumilia.

Kuna jaribio jingine hapo hapo njiani. Tulipopita Maungu, mwanangu alinionyesha upande wa Kasigau, ambako ardhi kavu iliyo kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi imewekwa chini ya mradi wa kuuza hewa ya ukaa. Mwaka 2011 mradi huo ulikuwa wa kwanza wa aina yake duniani kuthibitishwa na kuuza. Maana yake ni rahisi kuliko jina lake. Mti uliosimama umeshika hewa chafu ambayo ungeitoa kama ungekatwa na kuchomwa. Kampuni za mbali zinazochafua hewa hulipa ili mti huo uendelee kusimama, na sehemu ya malipo huwafikia wenyeji kwa karo na maji. Wapo wanaouliza ni sehemu kubwa kiasi gani, nao wana haki ya kuuliza. Hata hivyo nilipata swali ambalo sikuwa nalo nilipotoka nyumbani: nani anamlipa mtu anayeuacha mti usimame?

Tulisimama Mtito Andei kwa chai, kisha tukaendelea hadi Kibwezi, mji wa Makueni. Hapo tuliiacha njia ya Nairobi tukakamata barabara ya lami inayoelekea Ikutha, Mutomo na Kitui. Punde si punde tulivuka Mto Athi. Nilimuuliza dereva mto huu unakwenda wapi, akacheka. "Mama, unakwenda kwenu."

Ni kweli. Athi huingia Tsavo, ukiungana na Mto Tsavo huitwa Galana, ukikaribia pwani huitwa Sabaki, na humwagika baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Nani kati yetu hajaiona bahari ya Malindi wakati wa mvua ikigeuka rangi ya matofali? Rangi ile ni udongo wa watu wa bara. Kilima kikinyolewa miti, mvua hukivua ngozi, na ngozi hiyo husafiri mpaka kwetu ikawafunika matumbawe katika hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Watamu. Hifadhi ya bahari ina mipaka na tiketi na askari wa boti. Lakini hakuna askari wa kulizuia tope lililotoka shambani kwa mtu mamia ya kilomita huko juu. Mito ya msimu ya Ukambani huelekea ama Athi ama Tana, na yote miwili mwisho wake ni bahari yetu. Hapo nilianza kufahamu kwamba nyumba yetu ina mlango wa nyuma ambao hatujawahi kuufunga.

Kutoka Mutomo tuliona mibuyu mikubwa, migunga, na miamba inayojitokeza ardhini kama migongo ya nyangumi. Katika mji wa Kitui tulibadilisha gari, tukapita Kabati, na jua lilipokuwa linainama tukafika Migwani. Ni mji mdogo wa soko, na nyumba zake zimetawanyika juu ya vilima vyenye matuta ya kuzuia udongo. Watu wa huko hulima mbaazi, kunde, ndengu na mtama, na mbaazi zile ndizo tunazozipika kwa nazi na kuzila kwa mahamri bila ya kuuliza zimetoka wapi, kama makaa.

Mkwe wangu alitupokea kwa machozi. Alimchukua mtoto, akamtazama sana, akasema jambo kwa Kikamba ambalo mke wa mwanangu alikataa kunitafsiria kwa haya. Kisha, kwa kuwa yeye si Muislamu na alijua sisi ni Waislamu, akamkabidhi mwanangu jogoo aliye hai na kisu, akasema, "Mchinje mwenyewe, mwanangu, ili mle kwa amani." Adabu hiyo sitaisahau.

Usiku ule, tulipokaa wanawake peke yetu, aliniuliza kazi yangu. Nilimwambia. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka cheko la mtu aliyekutana na jamaa asiyemjua.

"Basi, mkwe, tumefahamiana zamani," alisema. "Mimi nilikuwa nachoma, wewe unauza. Huyu binti yetu amesomeshwa na makaa."

Akanieleza. Mwaka mmoja wa ukame mazao yalikauka yote, mbuzi wakauzwa kwa bei ya kutupa, na binti alikuwa ameitwa kidato cha kwanza. Shambani kwake kulikuwa na migunga na mikwaju ambayo babake mumewe aliikuta. Aliikata. Ilimchukua siku kuikata, siku kuipanga, siku kuifunika udongo, kisha karibu wiki nzima ya kulilinda tanuri lisipasuke moto usiku na mchana. Tanuri la udongo la namna hiyo hula mno. Katika tani 10 za kuni hutoka tani 1 ya makaa, au 2 ukibahatika. Kilichobaki chote huwa moshi. Alipata karo ya muhula mmoja. Muhula uliofuata akakata tena. Binti alipomaliza kidato cha nne, shamba lilikuwa halina kivuli.

"Nilijua ninachofanya," alisema. "Usidhani maskini hajui thamani ya mti. Mti ndio benki yangu pekee iliyokuwa karibu."

Ndugu msomaji, nilikaa kimya. Mbele yangu alikuwa amelala mke wa mwanangu, na ubavuni mwake mjukuu wangu. Nilihesabu moyoni kile mkwe wangu alichokuwa akilipwa kwa gunia moja, na kile nilichokuwa nikiuzia gunia kama lile mjini. Yeye alikata, akachoma, akakohoa, akapoteza mti ambao hautarudi katika maisha yake, na fungu lake ndilo lililokuwa dogo kuliko yote. Fungu kubwa lilibaki kwa mwenye lori, kwa wale waliokuwa wakinyoosha mkono njiani, na kwa sisi wenye maduka.

Kisha ikaja marufuku. Januari 2018 Gavana wa Kitui wa wakati ule, Charity Ngilu, alizuia makaa na mchanga kusafirishwa nje ya kaunti. Sababu yake ilikuwa ya kweli, kwa maana vilima vilikuwa vikiisha na mito ikikauka, na waliokuwa wakitajirika hawakuwa watu wa Kitui. Lakini joto lilipanda. Lori lililobeba makaa lilichomwa moto, wafanyabiashara wa kaunti nyingine wakaandamana, na viongozi wakarushiana maneno yaliyogusa makabila. Mwezi uliofuata serikali kuu nayo ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii kwa siku 90, amri iliyoongezwa tena na tena kwa miaka mitano. Julai 2023 Rais alipotangaza kuiondoa, Chama cha Wanasheria kilikwenda mahakamani, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikasimamisha kwa muda uondoaji huo.

Sisi mjini tulichokijua ni bei tu. Makaa yalipanda, wateja wakanung'unika, nami nikapandisha debe. Nilidhani bei ikipanda kwangu imepanda pia kwa mchomaji. Mkwe wangu alinisahihisha. Biashara ilipohamia usiku, mnunuzi alikuja na hoja mpya, "Mimi ndiye ninayehatarisha lori." Bei ya mjini ikapanda, bei ya shambani ikashuka, na tofauti iliyoongezeka ikaenda kwa wale wenye ujasiri wa kuvunja sheria na fedha za kujitoa wakikamatwa. Wanawake wengine waliendelea kuchoma kwa faida ndogo zaidi, hivyo wakalazimika kukata miti mingi zaidi kupata karo ile ile. Yeye aliacha, kwa sababu miti ilikuwa imekwisha.

"Sheria ilikuja kuniondolea," alisema. "Haikuja na kitu mkononi."

Sisemi kwamba marufuku ilikuwa makosa. Nchi iliyo kavu vile haiwezi kuachiwa soko likaitafuna. Wala sisemi kwamba makaa ni haramu kisheria, kwa maana tangu mwaka 2009 Kenya ina kanuni za makaa zinazomtaka mchomaji wa biashara ajiunge na chama kilichosajiliwa na apate leseni, na msafirishaji awe na kibali cha mzigo. Nilizijua kanuni hizo kwa jina. Kwa miaka mingi sikumtaka dereva yeyote anionyeshe kibali, maana nilijua jibu litakuwa nini na sikutaka kulisikia.

Siku ya pili alinipeleka mtoni. Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu, mweupe, mpana, bila tone la maji. Wanawake walikuwa wamepiga magoti wakichimba kwa bakuli, na kwenye kina cha mkono maji safi yalikuwa yakijaa polepole. Chini kidogo ukuta wa mawe na saruji ulikatiza mto kutoka ukingo hadi ukingo.

Hili ni bwawa la mchanga, na Kitui inajulikana duniani kwa mabwawa haya. Ukuta hujengwa juu ya mwamba. Mvua inapokuja, mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani yake. Katika mchanga mkubwa robo ya ujazo wote, pengine na zaidi, huwa maji, na jua haliwezi kuyafikia yakiwa chini. Visima vya kando hupata uhai, na miti ya ukingoni hubaki kijani mwaka mzima. Tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL la Kitui limesaidia jamii kujenga mamia ya kuta hizi, na kazi kubwa ya kubeba mawe, mchanga na maji imefanywa na wanawake.

Sasa fikirini lori linaloshuka mtoni kuchota mchanga wa kujengea maghorofa. Mwenye lori huona mchanga, na mwanamke wa Migwani huona tangi lake likipakiwa. Vibarua hulipwa fedha ya siku moja, na kijiji hutembea kilomita nyingi kutafuta maji kwa miaka. Ndiyo maana majirani zao wa Makueni walitunga sheria ya mchanga mwaka 2015, wakaunda mamlaka maalumu ya kuusimamia. Mchanga huchotwa pale tu paliporuhusiwa, na anayeuchota hulipia. Kaunti zina uwezo huo kwa sababu Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kazi ya kuhifadhi udongo na maji.

Na Katiba hiyo inastahiki kusomwa majumbani mwetu. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo bila ya kulazimika kuthibitisha kwamba yeye binafsi amedhurika. Sisi wa Mombasa tumeiona nguvu yake Owino Uhuru, ambako sumu ya risasi kutoka kiwanda iliwadhuru watoto na wazazi wao. Wakaazi walishitaki, na Julai 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Rufaa zilifuata, lakini hawakukata tamaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliwapa haki.

Kifungu ninachokipenda zaidi ni cha 69. Watu hukikumbuka kwa sababu kinaitaka nchi ifikishe miti asilimia 10 ya ardhi yake. Wachache hukumbuka kwamba kifungu hicho hicho kinaitaka serikali ihakikishe faida za mali ya asili zinagawanywa kwa usawa. Miti na mgawo wa haki vimewekwa katika kifungu kimoja, kwa sababu kimoja hakisimami bila ya chenzake. Ukitaka kilima cha Migwani kibaki na miti kwa ajili ya mvua ya wote na bahari ya wote, huwezi kumwachia mjane mmoja alipe gharama yote.

Hapa kwetu tunao mfano. Huko Gazi, Kwale, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja. Huuza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa na mikoko hiyo, na wanakijiji wenyewe huamua fedha ziende wapi, iwe maji au vitabu vya shule. Wanawake wa Gazi wana daraja lao la mbao linalopita ndani ya mikoko, ambako mgeni hulipa kutembea. Mikoko pale haina ukuta. Inalindwa na watu wanaojua watapoteza nini ikikatwa.

Migwani nako nimeona mwanzo wa jambo kama hilo. Chama cha mkwe wangu kina mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwenye migunga iliyochipua tena. Hakuna anayekata mti wenye mzinga, kwa kuwa asali hulipa kila msimu na mti hubaki. Na kwenye mpaka wa shamba lake amepanda mikau. Huu ni mti wa asili ya Ukambani, unaovumilia ukame. Taasisi ya Utafiti wa Misitu kupitia kituo chake cha Kitui, kwa msaada wa Wajapani, imeushughulikia kwa miaka mingi ili kupata mbegu bora. Mbao zake haziliwi na mchwa, na kwa miaka 12 hadi 15 huwa tayari kwa msumeno. Alinitembeza kati ya miche yake kama anayenitambulisha kwa watoto.

"Hii nitaikata," aliniambia bila aibu. "Lakini nitaikata kwa bei yangu, na nimeshapanda mingine."

Nilikumbuka darasa moja la akina mama msikitini kwetu, ambapo ustadhi alitueleza habari za hima, ardhi ambayo kiongozi wa Waislamu alikuwa akiitenga kwa maslahi ya umma, isimilikiwe na tajiri mmoja, na habari za hariimu, eneo la kukizunguka kisima ambalo mtu haruhusiwi kuliharibu. Mabwana fiqhi walizungumza mambo haya karne nyingi kabla ya hifadhi za taifa. Huko Pemba, kisiwa cha Misali kilipotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1998, amri na faini hazikutosha kuwazuia wavuvi wa baruti. Baadaye mafundisho ya dini kuhusu amana ya viumbe yaliingizwa katika kazi hiyo kupitia maimamu na walimu wa madrasa, na wavuvi wakayasikia kwa sikio tofauti. Sheria humfikia mtu pale anapoonekana. Amana humfikia hata usiku, lori linaposimama mlangoni.

Nalo lori langu lilikuwa likisimama usiku.

Tulipoagana, mkwe wangu alinipa kiondo cha mkonge alichokisuka mwenyewe, ndani yake mbaazi na chupa mbili za asali. Alimbusu mjukuu, akanishika mkono. Hakunitaka niache biashara yangu. Alisema tu, "Sasa unajua."

Ndugu zangu, sijafunga duka, na sitaki kuwadanganya. Bado ninao wa kulisha, na bado mjini petu wengi hupikia makaa kwa sababu mtungi wa gesi ni mzito mfukoni. Serikali nayo inahusika katika hilo. Julai 2021 kodi ya VAT ya asilimia 16 ilirejeshwa kwenye gesi ya kupikia, mwaka uliofuata ikashushwa hadi 8, na mwaka 2023 ikaondolewa. Kila senti inayoongezwa kwenye mtungi hukata tawi mahali fulani, na wanaopanga kodi wangefaa kulijua hilo kama wanavyolijua wenye majiko.

Lakini yako mambo mawili niliyoyabadilisha. Sinunui tena mzigo usio na kibali, na sinunui usiku. Bei yangu imepanda kidogo, na baadhi ya wateja wa zamani wamehamia kwa jirani. Imeniuma. Na mbele ya magunia nimeweka rafu ndogo ya asali na mbaazi za chama cha Migwani, nikiwalipa kabla ya kuuza, si baada. Faida yake haijafika ya makaa. Inapanda polepole, kama mikau.

Nawe mama unayesoma, siku utakaponunua debe lako, muulize muuzaji limetoka wapi. Akikasirika, mwambie umetumwa na mwenzake. Tsavo ina lango na askari wake, na tuiombee idumu. Vilima vya Migwani havina lango, na ulinzi wake mwingine uko katika majiko yetu.

Mjukuu sasa anatambaa. Insha Allah mvua za vuli zikinyesha vyema tutampeleka tena, aione mito ya bibi yake ikiwa na maji juu ya mchanga.

Wabillahi tawfiq.